Masizi ya Bi Somoe

Jumamosi ya umuganda iliyopita, ile siku ya kazi za pamoja za mtaa, hapa Kagugu, tulipangiwa kupaka chokaa mawe ya kando ya barabara. Kijana mmoja akamimina maji kwenye pipa, chokaa ikachemka, na ule mvuke wake mkali uliponiingia puani nikaweka brashi chini nikasogea pembeni. Jirani yangu akaniuliza, "Sha, unaumwa?" Nikamjibu ni jua tu. Jua lipi? Ukungu ulikuwa umejaa mpaka bondeni. Tangu siku hiyo sijatulia. Naamka, nazunguka nyumba, nafungua kabati na sijui nimefuata nini. Acheni niwaambie nyinyi, labda nitapumua.

Mimi ni Mnyarwanda niliyekulia pwani ya Tanzania. Baba yangu, Karoli, alitoka Rwanda akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, akakulia kambini, na alipokuwa mtu mzima akaifuata kazi ya barabara hadi mji mdogo wa kusini ambao siutaji, maana wenyewe bado wapo. Barabara ikakamilika, kampuni ikaondoka na magari yake, sisi tukabaki. Aliyetupokea ni Bi Somoe, mama mtu mzima, mjane, mwembamba, mwenye sauti iliyokuwa ikisikika mtaa wa pili. Alitupa banda lake la uani, akasema nyumba isiyo na mtoto inamsema. Akamfundisha mama kukuna nazi na kupika wali usiokatika tui. Mama alipokosea, Bi Somoe alicheka hadi akajishika mbavu: "Nyie watu wa maziwa! Mtaijua lini nazi?"

Nyuma ya mtaa wetu, mahali nchi inapoishia, kulikuwa na ngome ya zamani ya mawe ya matumbawe. Wenyeji waliiita Gereza. Paa lilikuwa limekwisha, mchicha pori umeota ukumbini, mbuzi wanalala humo mchana wakikimbia joto. Sisi watoto tulicheza kombolela kwenye vyumba vyake, na ndani mlinuka popo na chumvi. Kulikuwa na chumba kimoja tu ambamo hatukucheza, cha chini, mkono wa kulia ukiingia. Ukutani kilikuwa na kidaka, kile kitundu cha kuwekea taa, na kuanzia kidakani kwenda juu ukuta wote ulikuwa mweusi kwa masizi. Ukipitisha kidole, kinatoka cheusi na kinanukia.

Yalikuwa masizi ya ubani. Kila mwaka mwezi wa Shaabani, watu wanapowaombea dua wafu wao kabla ya kufunga, Bi Somoe alikwenda na chetezo chake akafukiza pale. Aliniambia sababu siku moja akiwa anachambua mchele, bila hata kuinua macho. Bibi wa bibi yake aliletwa kutoka bara amefungwa, akawekwa chumba kile angoje kuuzwa. Siku ya kusafirishwa akashikwa na uchungu wa kuzaa, wakamwacha. Mtoto akaishi, mama akafa. Kaburi halijulikani, na jina lake la kwao halikujulikana. "Basi tunamfuata pale," alisema. "Mama yangu alifukiza pale, na mama yake pia. Yale masizi ndiyo hesabu yetu."

Sasa, kusema kweli, ile ngome ilikuwa inaliwa. Mtu akitaka jiko la uani anakwenda Gereza anang'oa mawe. Wapo waliojenga nyumba nzima hivyo, na nyumba zao wanazijua watu wote. Kwa hiyo walipokuja wakubwa wa mradi kutoka mjini kuiokoa, hawakukosea. Wakazungushia uzio wa waya, wakaweka lango la chuma, wakasimamisha kibao: chumba kile, kilisema kibao, kilikuwa ghala la baruti. Wakatafuta mlinzi. Vijana wa mji walijipanga wote, mradi ukamchukua baba yangu. Yule mkubwa wao alimwambia mbele yetu, huku akicheka, "Wewe ndiye hasa. Hapa huna shangazi wala mjomba wa kuja kukubembeleza."

Tulifurahi, jamani! Baba alipewa koti la kaki na filimbi. Mama alinunua sahani zenye maua. Mimi nikawa binti wa mwenye ngome. Wakija wageni nilijipeleka mwenyewe mbele kuwaeleza, na nisichokijua nilikitunga. Nilimlaza mfalme kwenye kila chumba.

Shaabani ilipoingia, habari zikaja kwamba wageni wakubwa watatembelea ngome. Baba akaamriwa asafishe, apake chokaa kuta zote za ndani, uchafu wote utoke. Baba yangu ni mtu wa kazi. Alisugua ule ukuta kwa brashi ya waya asubuhi nzima, akaupaka mkono mmoja, akarudia wa pili. Nilipompelekea chakula cha mchana nilikuta kidaka ni cheupe kabisa, na baba amesimama anakitazama na ndoo mkononi. Hakula. Alitoka, akarudi, akatoka tena. Mwezi wote alikuwa akimkwepa Bi Somoe uani, na sasa Shaabani ilikuwa imebaki na siku hiyo moja.

Bi Somoe alikuja baada ya alasiri, kanga mbili, chetezo mkononi, makaa yameshawaka. Akasimama nje ya waya.

"Karoli, fungua."

"Bibi, leo hairuhusiwi. Wageni wakishaondoka nitakufungulia mwenyewe."

"Kesho ni Ramadhani. Unanijua, siyo mimi wa kung'oa mawe."

"Nakujua, Bibi. Wamenikataza."

Bi Somoe hakupiga kelele, yeye ambaye alipiga kelele hata akiomba chumvi. Alisimama tu huku majivu yakimwangukia miguuni. Mimi nilikuwa ndani ya uzio na bakuli la chakula kilichopoa, nikiomba baba asifungue. Niliomba kweli, kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili. Nilijua koti la kaki linatoka wapi na sahani zinatoka wapi. Lakini mkono wa baba ulikwishafika kwenye funguo.

Akaingia. Alipofika mlangoni mwa kile chumba akasita, kama mtu aliyekosea nyumba.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi," baba akasema.

Aligusa ukuta, akakitazama kidole chake cheupe. Kisha akakaa chini kwenye sakafu, akalia kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kumsikia nayo. Baba akachuchumaa pembeni. Baada ya muda Bi Somoe akajifuta na kanga, akaweka chetezo kidakani, akatia ubani. Moshi ukapanda kwenye chokaa mbichi, ukaacha mstari mwembamba wa kahawia.

Kesho yake wageni walikuja, wakapita, wakasifu. Yule mkubwa wa mradi akauona ule mstari, akanusa, akamwambia baba aupake tena upesi kabla wageni hawajarudi kupiga picha. Nilikuwepo, nilimsikia baba kwa masikio yangu: "Nimefuta mara moja. Sitafuta mara ya pili." Jioni koti la kaki likarudishwa.

Nilimchukia baba. Sipunguzi neno. Tulihamia Dar es Salaam, chumba kimoja, mama akiuza maandazi, na kila nilipolala njaa niliuona ule mstari wa moshi. Niliona baba yangu amemchagua bibi wa watu akatuacha sisi. Hata tuliporudi Rwanda, hata nilipoajiriwa nikajenga hapa Kagugu nikamchukua akae nami, hasira ile ilikuwa bado inajibanza mahali.

Mwaka jana alianza kunisumbua nimpeleke Gahanga, alikozaliwa. Mteremko wenyewe aliujua kwa maelezo ya waliomlea tu, jinsi unavyotazama mto. Mama yake alifia pale kabla hawajakimbia, akazikwa nyuma ya nyumba, wakapanda mti wa umuvumu juu ya kaburi. Tulizunguka kutwa nzima. Mashamba ya mihogo yamekuwa nyumba mpya, kuta, mageti. Hatimaye akasimama mbele ya geti moja jeusi. Umuvumu ulikuwa umekatwa, ila kisiki kilionekana kupitia upenyo wa geti, na juu yake mtu ameweka chungu cha maua.

Mlinzi, kijana wa watu, akatoka. Baba akamweleza kwa Kinyarwanda kizuri cha wazee: dakika moja tu, nisimame pale.

"Muzee, siwezi," kijana akasema kwa Kiswahili aliposikia mimi nadakia kwa Kiswahili. "Patron hayuko. Amesema hakuna mutu wa kuingia. Unisamehe, iko kazi yangu."

Nilimfokea. Baba akanishika mkono, akamshukuru yule kijana, akarudi garini. Njiani nikaendelea kufoka peke yangu mpaka akasema, "Mwache. Wamemweka pale kwa sababu hana mtu wake mle ndani."

Nikaegesha gari. Nilishindwa kuendesha.

Miaka yote nilidhani siku ile baba alikuwa anashindana na njaa yetu, na njaa yetu ikashindwa. Sikujua kwamba na yeye alikuwa na mama asiye na kaburi la kuonyesha, na kwamba kwa brashi yake ya waya alikuwa amemfanyia mwenzake kile alichoogopa kufanyiwa. Mimi niliona mlinzi anayepoteza kazi. Pale langoni alikuwepo mtoto wa mtu.

Nimekwenda Gahanga mara kadhaa tangu hapo, bila kumwambia. Mwenye nyumba hayuko, amesafiri, amelala, anapiga simu. Asubuhi baba huvaa viatu, akakaa barazani akilitazama gari. Naye anazeeka, na lile geti bado halijafunguliwa.