Daftari za Wariara

Barua ya chuo ilipoingia kwenye simu, Wariara aliisoma mara moja tu, kisha akarudi kwenye tangi la shule alilokuwa akilitengeneza na kulikaza bomba kwa hasira hadi mpini wa spana ukamkatikia mkononi. Nafasi ya uzamifu, ile moja iliyotangazwa, iliyolipiwa kila kitu kuanzia karo hadi posho ya mwezi kwa miaka mitatu, alikuwa amepewa mtu mwingine. Barua ilimtakia kila la heri katika shughuli zake. Shughuli zipi? Shughuli yake ilikuwa hiyo hiyo waliyomnyima.

Alizaliwa katika shamba lililokuwa la mzungu, nje kidogo ya Rongai, akakua kwa maji ya kisima alichokichimba huyo mzungu. Mzungu aliondoka na ng'ombe wake. Maji yakabaki, na floraidi yake ndani. Floraidi huioni wala huionji. Lakini mtoto akiinywa miaka yake ya kwanza, meno ya ukubwani hutoka yana mabaka ya kahawia, mengine yamelika kama mahindi yaliyoingiwa na dumuzi. Shangazi yake alidhani ni uchafu. Akamsugua kwa majivu, majivu yaliposhindwa akamsugua kwa waya wa sufuria mpaka damu ikatoka, na rangi ikabaki pale pale ikimtazama.

Basi Wariara akasomea maji. Alipata shahada ya uhandisi, akafanya kazi, akapata ya uzamili kwa kusoma wikendi akiwa na miaka thelathini na minne. Alikuwa ameajiriwa na mradi mdogo wa kanisa uliokuwa ukiweka vichujio mashuleni: pipa lililojazwa makaa ya mifupa ya ng'ombe, maji yapite humo yaache floraidi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya mshahara. Kazi ya daftari hakutumwa na mtu. Kila Januari alizunguka shule tisa na tochi yake, akaangalia meno ya watoto wa darasa la tatu mmoja mmoja, akaandika: mtoto huyu, kisima hiki, makaa yalibadilishwa lini, meno yako vipi. Wazazi walimkubalia kwa sababu hakuanza na mdomo wa mtoto. Alianza kwa kufungua wake.

Miaka kumi na mmoja. Daftari ishirini na mbili, zimefungwa kwa kamba ndani ya sanduku la mamake.

Profesa Muturi wa chuo hicho alizisikia habari zake katika mkutano wa maji mjini Nakuru. Akamsifu, akamwita "dada yangu", akamwomba muhtasari wa kurasa mbili tu, aone. Wariara akauandika kwa furaha. Mwaka uliofuata tangazo likatoka: ufadhili kamili, utafiti wa uzamifu unaounganisha uhandisi na afya ya kinywa, Bonde la Ufa. Alipolisoma akakuta sentensi zake humo ndani. Akakuta vile visima viwili vya muhtasari wake, vilivyotenganishwa na barabara moja, watoto wa huku meno meupe, wa kule ya kahawia. Mtu mwingine angeuita huo wizi. Wariara, maskini, alidhani ameitwa yeye.

Mahojiano yalianza vizuri. Alieleza vile makaa yanavyochoka pasipo mtu kujua, watoto wakiendelea kunywa wakidhani wamelindwa, na vile alivyofikiria kuunda kifaa cha kumwonyesha mwalimu kwamba makaa yamekwisha nguvu. Wawili kati ya waliomhoji waliandika. Profesa Muturi hakuandika. Alikunja mikono akauliza swali la mwisho, kwa upole kabisa, utadhani anauliza kama mtu amekula.

"Wariara, hii PhD ni ya afya ya kinywa pia. Utasimama Ulaya mbele ya madaktari wa meno. Na meno kama hayo, kweli wataangalia slaidi zako?"

Mkono wake ukapanda wenyewe ukafunika mdomo. "Nitajitahidi, Prof," akasema.

Nitajitahidi! Kwa wiki tatu neno hilo lilimla kuliko swali lenyewe. Swali lilikuwa la mpumbavu, na mpumbavu ana haki ya upumbavu wake. Lakini yeye, injinia mzima, kaulizwa meno yake, kajibu kama mtoto aliyeambiwa asome kwa bidii! Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na hapa maiti ameambiwa hafai kulizungumzia kaburi kwa sababu ananuka udongo. Akiwa jikoni anakata sukuma, ghafla alijikuta akisema kwa sauti, "Ni haya haya meno, Prof, ndiyo slaidi!" Jibu lilikuwa zuri sana. Lilikuwa limechelewa tu.

Aliyepewa nafasi alikuwa Waithaka, mwanamume wa miaka ishirini na sita kutoka Kuresoi, huko juu kwa viazi na chemchemi, ambako meno ni meupe pe. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilizidi kumuudhi Wariara, maana ni kazi ngumu kumchukia mtu anayekusalimu kwa mikono miwili. Alikuja Rongai siku ya Jumanne, viatu vimejaa vumbi.

"Prof amesema wewe ndiye unajua hizi shule," akasema. "Utakuwa mratibu wetu wa nyanjani. Na pia nichukue zile daftari."

"Wewe umewahi kufungua kichujio?"

"Nimeona kwa video."

Wariara akasema, "Mwambie Prof tutaongea siku ya mkutano."

Mkutano ulikuwa wa wazazi, Jumamosi asubuhi, katika shule iliyo karibu na kile kisima cha mzungu. Sheria ya utafiti ilikuwa wazi: bila sahihi ya mzazi, hakuna mtoto atakayeangaliwa meno, na bila watoto, mfadhili hatoi hata pipa moja. Profesa alilijua hilo. Alijua pia kwamba wazazi wale hawakumjua yeye.

Wariara naye alikuwa amelijua tangu Jumanne. Alitembea kwenda shuleni akiwa na maneno mawili tu moyoni: msitie sahihi. Maneno mawili, na utafiti wote ungeanguka kifudifudi mbele ya Profesa mwenyewe. Aliyaonja njia nzima, na yalikuwa matamu. Shukrani ya punda ni mateke, sawa, lakini punda naye ana miguu.

Akaingia darasani. Wazazi walikuwa wamejibana kwenye madawati ya watoto wao, na karibu kila mama alikuja na mwingine mdogo mgongoni au mapajani. Wa miaka miwili, wa mitatu. Meno yao ya ukubwani yalikuwa bado yanaumbwa ndani ya ufizi, hayajaamuliwa rangi. Wariara aliwahesabu bila kutaka, akafika kumi na saba, akahisi hasira imebanwa mahali isipoweza kupita. Hasira za mkizi ni furaha ya mvuvi, na hapa hata mvuvi asingefurahi. Wangeumia hawa kumi na saba tu.

Profesa alizungumza nusu saa. Alipomaliza, fomu za sahihi zikagawiwa. Kisha mama mmoja wa mbele, Cherop, mwenye mtoto darasa la tatu na mwingine mgongoni, akanyanyuka.

"Kuuliza tu. Ni Injinia atakuja kuangalia hawa watoto, ama ni nyinyi?"

"Injinia yuko pamoja nasi," Profesa akasema haraka.

"Siko," akasema Wariara.

Kila mtu akageuka. Akasimama.

"Niliomba hii nafasi nikanyimwa. Niliulizwa kama watu wa Ulaya watanisikiliza nikiwa na haya meno."

Darasa likavuma. Cherop alimkazia Profesa macho. "Kwani hapa nani hana hayo meno? Kama hataki kuona, anataka kufungua midomo ya watoto wetu ya nini?" Mzee mmoja nyuma aliikunja fomu yake akaitia mfukoni. Waithaka aliangalia sakafu.

"Sikilizeni," Wariara akasema. "Mimi nina hasira, na sitadanganya hapa kwamba sina. Lakini hicho kichujio ni kizuri. Hao wa mgongoni bado wanaweza kuokolewa. Mtie sahihi kwa ajili yao. Msitie kwa ajili yangu."

"Uko sure, Injinia?" Cherop akauliza.

"Niko sure."

Wakatia. Cherop wa kwanza, na kalamu yake ilipogusa karatasi Wariara aliumia, kwa sababu sehemu yake moja ilitamani wakatae. Mzee wa nyuma akaitoa fomu mfukoni, akainyoosha kwa kiganja, akatia yake wa mwisho.

Nje, karibu na tangi, Profesa alimfuata akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Umetuokoa, dada yangu. Yale mambo mengine tuyasahau. Sasa, zile daftari? Waithaka anaanza uchambuzi mwezi huu."

"Daftari ni zangu."

"Lakini tumeshaziandika kwa mfadhili! Mradi wote unasimama juu ya hiyo rekodi. Bila hiyo hatuna pa kuanzia."

"Najua. Niliisoma kwa tangazo."

"Wariara, usilete hasira kwa sayansi."

"Watoto nimewapatia, Prof. Mapipa yatawekwa. Daftari zitaingia chuoni siku mimi nitaingia." Kisha akamgeukia Waithaka, akamwambia bila ubaya hata kidogo, "Wewe bado kijana. Ni miaka kumi na mmoja tu kuzijaza daftari zako. Anza Jumatatu, darasa la tatu wanaingia saa mbili."