Kapiteni Aliyekwenda Polepole

Mashine ilinyamaza katikati ya mto Lualaba, tukipanda kutoka Ubundu kurudi Kindu. Mazuti, mafuta ya mashine, ilikuwa imekwisha. Bato yetu, meli ndogo ya abiria, ikaanza kurudi nyuma na maji, ubavu mbele, na mimi niliyeshika fimbo ya kupimia kina nikaona mawe kabla ya wengine. Tulitupa nanga, mnyororo ukakatika. Bato ikapasukia pale. Kapiteni wetu alikufa, pamoja na wamama wa soko niliokula nao asubuhi ile.

Nasema hayo kwanza kwa sababu Kindu walitangaza kwamba kapiteni ndiye aliyekosa. Uongo.

Mukubwa yule, muislamu wa Kasongo, njo aliyetufundisha kwenda polepole. Tukitoka bandarini tu, alifua kanzu yake nyeupe akaitundika nyuma ya bomba la moshi. Ikikauka na masizi, alimteremkia makanika, fundi wa mashine: "Ndugu yangu, unanivalisha makaa? Punguza." Makanika alipunguza mpaka moshi ukawa mwembamba kama wa sigara. Bato zingine zilitupita, wakatucheka, wakatuita kobe. Lakini wao njo walioomba mazuti njiani, na sisi tulirudi na pipa lililobaki. Wamama walitungoja sisi, maana kwetu fufu yao, unga wa muhogo, haikuliwa na masizi. Nilitembea Kindu kifua mbele kwa kazi ile. Hata leo natembea hivyo.

Safari ya mwisho alipanda direkta wa bato zote, beji ya chama kifuani. Mgeni mkubwa alikuwa anakuja kutoka Kinshasa, naye alitaka awahi kusimama kwenye mstari wa kumpokea. Akaamuru mashine ifunguliwe yote. Moshi ukawa mweusi, watoto wakakohoa, mapipa yakaanza kulia matupu. Kapiteni alimwambia mbele yetu, akimwita sitwaye, yaani raia, kama serikali ilivyotaka:

— Sitwaye Direkta, tukipanda hivi, mazuti haitafika Kindu. Na mto hautatungojea.

— Wewe uko kapiteni ao uko mufuaji wa nguo? Ongeza.

Wafuasi wake walicheka. Kapiteni akaongeza. Wakati ule wa Zaire, kukataa neno la mutu wa chama ilikuwa kwenda gerezani, na yeye alikuwa na watoto.

Mashine ilipozima, direkta alikuwa wa kwanza kuingia katika mtumbwi uliofungwa ubavuni, na sanduku lake. Alikata kamba wakati wamama walikuwa wanamnyooshea watoto wao. Alifika Kindu mkavu, akasema kapiteni alimaliza mazuti kwa uzembe. Wakamwamini. Mjane hakupata hata pole.

Direkta, ungali hai. Unakaa kando ya mto uleule, na ukinikuta njiani unageuza uso. Jina lako silitaji, unajijua. Simama mbele ya watoto wa kapiteni na wa wamama wale, uwajibu: nani aliamuru mashine ifunguliwe yote? Na ile kamba, kwa nini uliikata?