Nilivyoikinga Sensa ya Mashine ya Korosho

Nimefika umri wa kunyamazisha watu kwa kukohoa tu, lakini ukipita kwetu Lisekese ukataja kifuniko cha kopo mbele ya wanawake wa kikundi chetu cha kubangua korosho, utawaona wanajiziba midomo kwa kanga, na anayechekwa ni mimi, kwa hiyo afadhali niseme mwenyewe kabla hawajaongeza chumvi.

Tulipata mashine ya kubangulia, na mjukuu wangu Salima, aliyetoka kusomea ufundi, akapewa kuiangalia kwa majaribio. Nusu ya kikundi walitaka fundi mwanamume kutoka Masasi mjini (walisema mashine itamshinda msichana, na wifi yangu ndiye aliyesema zaidi), basi mwenyekiti wetu, Mama Rashidi, akaamua tukutane wote, Salima aiendeshe mbele yetu, akishindwa aitwe huyo mwanamume.

Siku hiyo niliwahi kufagia. Ndani, karibu na visu vya mashine, nikaona kidude kama kidole gumba, kina waya mgongoni na uso wake uko wazi, na Salima alishaniambia hicho ndicho kinachoviangalia visu, kinaitwa sensa. Sasa kila aliyebangua korosho anajua mafuta ya ganda lake yanavyounguza, mikono yangu hii imebabuka tangu usichana, nikawaza jicho gani litapona mle? Nikachukua kifuniko cha kopo la maziwa, nikakibana mbele ya kile kidude, nikakifunga kwa ukanda niliouchana kwenye pindo la kanga (ile ile niliyovaa), nikarudishia bati la ubavuni, nikaenda kukaa nimeridhika na nafsi yangu.

Watu wakajaa. Salima akawasha, korosho zilizochemshwa zikaingia, zikatokea chini na maganda yake yote, vile vile zilivyoingia. Mama Rashidi akaokota moja, akaigeuzageuza. Mimi, badala ya kutulia, nikaagiza wamwage gunia jingine, labda mashine haijapata moto, na hizo nazo zikatoka nzima zikabingirika hadi miguuni mwa watu. Wifi akauliza, kwa upole sana, kama hizi ndizo tutakazopeleka sokoni. Hapo nikasimama nikamkaripia mtoto mbele ya kadamnasi.

"Salima, huko chuoni ulikuwa unasoma au ulikuwa unapiga picha?"

Salima akazima mashine, akang'oa umeme, akafungua bati, akaingiza mkono, ukatoka na kifuniko kinaning'inia kwenye ukanda wa kanga. Watu wote wakautazama ule ukanda, kisha wakalitazama pindo langu.

"Ni changu," nikasema. "Nilikuwa nakikinga na mafuta."

"Bibi, hiki hakiogopi mafuta wala vumbi," Salima akasema. "Kinachokidanganya ni chuma."

Akatueleza taratibu kwamba ndani mna waya wa shaba uliosokotwa, umeme ukipita unatandaza nguvu isiyoonekana, kama joto la jiko ambalo mkono unalihisi kabla ya kugusa. Chuma kikisogea kinaipunguza nguvu ile, na kwa upungufu huo sensa inajua kisu kiko mbali kiasi gani, hata kikihama unene wa unywele. Kifuniko changu kilikuwa pale pale puani, basi sensa ikadhani kisu kimeisogelea mno, mashine ikakirudisha nyuma, ikakirudisha tena, hadi korosho zikapita kati bila kuguswa. Akasema kwenye mitambo ya umeme sensa kama hii huwekwa kando ya mhimili unaozunguka kwa kasi, ili ukianza kuyumba ijulikane mapema.

Kisha akapaka ile sensa mafuta ya ganda kwa kitambaa, makusudi, watu wakiona, akawasha. Ganda huku, korosho kule, nyeupe na nzima. Wifi akasogea akachukua moja akaitafuna, akasema huyo fundi wa mjini tumwite aje kufanya nini.

"Fundi tunaye," Mama Rashidi akajibu, na mambo yakaishia hapo.

Nilimkaripia mbele ya watu, basi nikamwomba radhi mbele ya watu hao hao, nimeshika pindo langu lililochanika. Mpaka leo mashine inabangua, na Salima anafundisha wasichana wengine wawili. Mimi bado nina kiherehere cha kukinga vitu, sitadanganya, ila nimeapa sitafunika kitu cha mtu kabla sijamuuliza mwenyewe kinaogopa nini.