Ndonya ya Mama na Lugha ya Mababu

Yule Mdachi, Mjerumani mnavyosema nyie siku hizi, alikuja Newala vita vya Maji Maji vikiwa vimeshapoa, na watu bado wakikimbia wakiona kofia tu. Kumbe hakutaka kodi wala vibarua. Alitaka maneno. Alisema zamani sana Wamakonde, Wayao na Wamakua walikuwa na lugha moja, ambayo hakuna mtu hai aliyewahi kuisikia, na yeye ataokota sauti zetu moja moja mpaka aiunde upya. Haya bwana.

Akampenda mama yangu. Mama alivaa ndonya, kile kisahani cha mpingo kwenye mdomo wa juu, pana kuliko ya jirani yeyote. Akitamka "pa", ndonya inagonga meno ya chini: ko. Mdachi akaruka kitini. Mkalimani wake, Myao wa Masasi, akatueleza kuwa bwana ameipata sauti ya kale kabisa, ambayo makabila mengine yameipoteza.

Kicheko kilinibana mbavu, ila nikanyamaza, maana ujira wa mama ulikuwa maji. Kila asubuhi wapagazi wa Mdachi waliteremka bondeni na kutuletea mitungi miwili. Nyie mliozaliwa na bomba hamjui. Nilikuwa nimetoka unyagoni juzi tu, na shingo imeshaanza kuzama mabegani kwa kupandisha mitungi ya maji kichwani. Nikamwombea yule mtu asizinduke.

Akazinduka. Siku moja mjomba alipita kusalimia, akaulizwa maneno yaleyale, akayatamka bila ko. Mdachi akautazama mdomo wa mjomba, akautazama wa mama, akawa mwekundu. Kisha akamnong'oneza mkalimani.

"Shikamoo, mama," mkalimani alianza, ingawa walishaamkiana tangu asubuhi. "Bwana anaomba uitoe ndonya kidogo, utamke tena."

Kwetu mwanamke hatoi ndonya mbele ya mwanamume, hata mumewe. Niliyaona maji yetu yakimwagika.

"Mwambie avue suruali kwanza," mama alisema taratibu, "halafu tutamke wote."

Sijui mkalimani alitafsiri nini. Kesho yake wapagazi hawakuja. Tukateremka wenyewe, mimi nimenuna njia nzima.

Kule chemchemini tulikuwa wanawake peke yetu. Mama akaitoa ndonya anywe maji. Akanitazama nilivyonuna, mdomo wake ukining'inia, akasema "pa". Ikatoka fyaaa, na mate juu. Sauti ile hata mababu hawakuwahi kuitoa. Nilicheka mpaka mtungi ukaniponyoka na kuvunjika, tukapanda mlima na mmoja uliobaki, tukipokezana.