Vijidudu vya Mtaro wa Kongo

Lenah Nasike hakuwa mtu wa kukaa. Hata akikaa, mguu mmoja ulikuwa unatikisika chini ya kiti na mikono inatafuta kitu cha kufungua. Waliomjua pale Kongo, upande wa Kawangware, walisema Mama Chris, ndivyo walivyomwita, hata chai huinywa akiwa amesimama. Kila asubuhi alitoka kwenye chumba alichopanga Kibera, karibu na Olympic, akavuka Ngong Road kwa miguu mpaka kwenye kibanda chake cha mabati, na huko alipasua kompyuta zilizokufa. Plastiki huku, shaba kule, bodi za kijani kwenye gunia la peke yake. Kazi hiyo ilimfaa kwa kuwa haikumtaka atulie.

Bodi ndizo zilizomkosesha raha. Ndani yake mna dhahabu, iliyopakwa nyembamba kama jasho kwenye vipini vidogo vidogo, na aliyejua kuitoa alikuwa mdogo wake, Shiundu. Kijana huyo alikuwa amemfuata kutoka Bungoma akitafuta kazi ya mjengo, akaikuta hii, akanogewa. Alikata vipini, akavitia kwenye karai nyuma ya kibanda, akavimiminia asidi. Moshi wa rangi ya kutu ulipanda ukajikunja chini ya mabati. Shiundu alifunga fulana puani akainama palepale, macho mekundu, akingojea. Mwishowe alipata unga kidogo wa kupeleka mjini kwa sonara. Maji yaliyobaki aliyamwaga mtaroni, na mtaro ule ulipita nyuma ya meko ya Akoth, jirani yao muuza samaki, ukateremka hadi mtoni.

"Hiyo kifua yako siipendi," Lenah alimwambia.

"Ni vumbi tu, dada."

"Vumbi gani inakukohoza hadi kanisani?"

Shiundu alicheka, akakohoa, akaondoka. Ndivyo mazungumzo yao yalivyoisha kila mara, na Lenah alibaki akizunguka kibanda akigusa hiki na kile, akiwaza kwamba lazima kuwe na njia nyingine.

Njia hiyo, au kitu alichodhani ni njia, ililetwa na Musyoka. Huyu alikuwa fundi wa maabara katika chuo kimoja jijini, amepanga Riruta Satellite, na alifika Kongo kutafuta feni ya laptop yake iliyokuwa ikichemka. Lenah alipokuwa akimtafutia, Musyoka alienda nyuma, akamkuta Shiundu anamwaga karai. Akasimama kando ya mtaro muda mrefu, akitazama matope yalivyogeuka rangi.

"Unajua hapo bado unamwaga dhahabu?" alimwuliza.

"Najua. Lakini hiyo imebaki siwezi kuitoa."

"Kuna wadudu wanaweza."

Shiundu alidhani anataniwa. Lenah, aliyekuwa amekuja na feni mkononi, hakudhani hivyo. Alitaka aelezwe, na Musyoka akaeleza, polepole, kama mtu anayependa jambo lake. Dhahabu ikishayeyuka kwenye asidi, alisema, huwa sumu kwa kila chenye uhai. Lakini kuna bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho, vilivyozoea udongo uliojaa sumu za vyuma. Dhahabu iliyoyeyuka ikiviingia mwilini, vinaigeuza kuwa chembe ngumu ya dhahabu safi, ambayo haiwezi tena kuvidhuru.

"Kwa hivyo wanatengeneza dhahabu," Shiundu alisema.

"Hawatengenezi kutoka hewani. Lazima iwe imeshakuwa pale. Wao wanaigeuza tu, ndio wasife."

"Na hawa wako wapi?" Lenah aliuliza.

Musyoka akaelekeza kidole mtaroni. "Sijui. Lakini ningekuwa natafuta, ningeanza hapo."

Akachota matope kwenye chupa, akaenda zake na feni yake. Kuanzia hapo Lenah hakumpa nafasi ya kupumua. Ikifika Jumapili, akitoka kanisani, alipitia Satellite na kumbishia mlango. Wamekua? Wamekula? Wameonekana? Musyoka alimwambia vijidudu havikimbizwi. Lenah alikubali kwa kichwa, na Jumapili iliyofuata alikuwa mlangoni tena. Alikuwa amejijengea picha akilini: ndoo ya vijidudu inapelekwa kibandani, bodi zinatiwa humo kama mahindi yanayolowekwa, na Shiundu anakaa mbali akipumua hewa safi. Picha hiyo ilimfanya atembee haraka zaidi ya kawaida yake.

Siku Musyoka alipowaita chuoni, ndugu hao wawili walikwenda wakiwa wamevaa nguo za kanisani. Maabara ilikuwa chumba kidogo chenye harufu ya spiriti. Juu ya meza palikuwa na chupa mbili za kioo. Moja ilikuwa na maji ya manjano hafifu. Nyingine ilikuwa zambarau, zambarau iliyokolea, kama maji yaliyosuuziwa kitambaa kipya.

"Zote zilikuwa manjano," Musyoka alisema. "Hii ya pili ndiyo nilitia wadudu wenu wa mtaroni."

"Na dhahabu iko wapi?" Shiundu aliuliza.

"Unaiangalia. Ikiwa chembe ndogo sana hivyo, haing'ai. Inakuwa na hiyo rangi."

Shiundu akatoa simu akapiga picha. Akaisogelea chupa mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo. Lenah naye alikuwa na swali lake, lile alilolibeba tangu mwanzo.

"Ukiwapea bodi nzima, bila asidi, watatoa?"

Musyoka alimgeukia. Alijua mama huyu alikuwa amekuja kusikia nini. "Hapana, Mama Chris. Hawa wanataka dhahabu ishayeyushwa. Kuna wengine wanaweza kuyeyusha wenyewe, lakini hao wanatoa sianidi, sumu ya kuua mtu mara moja. Siwezi kukuletea sianidi kwa kibanda."

"Kwa hivyo asidi iko palepale."

"Iko palepale."

"Na hii yote ya chupa, ukiikusanya?"

"Haitoshi kupaka kipini kimoja."

Lenah alihisi miguu yake ikitaka mlango. Akauliza, kwa sauti iliyotoka kali kuliko alivyokusudia, sasa wadudu hao wana faida gani. Musyoka hakukasirika. Alisema kila anayesikia habari zao huuliza hivyo, na kwamba kama ni utajiri, yeye hauoni. Alichokiona ni maji. Aliinua ile chupa ya zambarau na kusema kwamba humo sumu ya dhahabu ilikuwa imepungua sana, na shaba pia ilikuwa imeshuka, si kidogo. Pengine siku moja vitasafisha maji ya mtaro kabla hayajafika mtoni. Pengine. Alilirudia neno hilo.

Lenah alilisikia. Shiundu, aliyekuwa bado anatazama picha kwenye simu yake, alisikia dhahabu tu.

Wiki hiyo Lenah alimwona mdogo wake akiokota pipa la bluu, akalisafisha, akaliweka kwenye pembe ya nyuma ya kibanda, palipozibwa mabati pande tatu. Alimwona akichota matope ya mtaroni, yale meusi ya chini kabisa, debe baada ya debe. Akanunua sukari guru, akaipondaponda humo, akafunika. Majirani walikuja kuuliza, naye aliwaambia anafuga. Akoth alimwita Lenah pembeni akiwa na kisu cha samaki mkononi.

"Mama Chris, huyo kijana anapika nini? Hiyo harufu inafukuza wateja wangu."

"Anajaribu kitu."

"Mwambie ajaribu kwingine."

Lenah alimwambia. Alimwambia pia kwamba Musyoka alifanya kazi na matone, si mapipa, na kwamba alichanganya vitu ambavyo wao hawavijui. Shiundu alisema chupa ndogo imetoa rangi, kwa hivyo pipa litatoa kitu cha kushikika. Hesabu hiyo ilikuwa rahisi, na Lenah hakujua namna ya kuivunja. Nusu ya moyo wake, ukweli usemwe, ilitaka kuona.

Ilikuwa mchana wa jua kali, Akoth anakaanga, Lenah anafungua printa, Shiundu alipobeba mtungi wake wa asidi iliyotumika na kuumimina ndani ya pipa. Lenah alisikia mchemko. Kisha harufu ya mayai viza ikaja, nzito, halafu, jambo la ajabu, ikapotea ghafla kama iliyokatwa. Alimwita Shiundu. Hakuitika. Alipochungulia, alimwona amelala kifudifudi kando ya pipa, mkono mmoja bado umeshika kifuniko.

Kitu kilimwambia asivute pumzi. Alijifunga leso mdomoni, akaingia, akamshika miguu, akavuta. Kijana alikuwa mzito na sakafu ilikuwa telezi. Kifua cha Lenah kilianza kuwaka, akatoka nje, akavuta hewa, akarudi. Mara hii Akoth alikuwa nyuma yake, amemwacha samaki anaungua, na kila mmoja alimshika kijana mguu mmoja. Walimburuta hadi barabarani. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Lenah alimpiga makofi mashavuni, akamwita kwa jina la nyumbani, lile aliloitwa na mama yao, mpaka alipotapika na kuanza kukoroma.

Hospitalini walimwekea oksijeni. Lenah alitembea kwenye ukumbi ule kutoka dirishani hadi mlangoni, na alipofika mlangoni aligeuka. Musyoka alimkuta hivyo. Alikuwa amekuja mbio, bado amevaa koti la maabara, na alieleza kwa sauti ya chini kwamba matope ya mtaro hufunga gesi mbaya, na asidi huifungua. Gesi hiyo huua pua kwanza, ndiyo maana harufu ilipotea.

"Na wale wadudu?"

"Walikufa mara tu asidi ilipoingia. Mimi huwa naipunguza makali kwanza. Sikumwambia. Afadhali ningekaa kimya tangu siku ile ya kwanza."

"Ungekaa kimya, angekufa na kikohozi," Lenah alisema, na akaendelea kutembea.

Shiundu alipona, ila sauti yake ilibaki nyembamba. Mzee Mbuthia, mwenye ploti, alikuja mwenyewe akasema hataki kuona tone la asidi pale, na Lenah hakumbembeleza. Alikuwa ameshaamua. Tangu hapo bodi aliziuza nzima kwa watu wanaozisafirisha kwenda kuyeyushwa kwenye viwanda vya mbali, kwa bei ya chini, na alipozifunga kwenye gunia hakuziangalia.

Shiundu hakuweza kukaa mahali palipokuwa na gunia tu. Alimuaga dada yake akisema anaenda Kakamega, kwenye machimbo, ambako dhahabu hutoka ardhini na mtu hahitaji vijidudu wala kompyuta. Lenah alimwambia akae. Alimwambia hata chai hajamaliza. Kijana alitabasamu, maana yeye alikuwa ameketi, na aliyekuwa amesimama na kikombe ni dada yake.

Baada ya hapo Lenah alijipa kazi ambayo hakuna aliyemwomba. Musyoka alikuwa amepewa matangi madogo chuoni ya kujaribia vile vijidudu vya mtaroni, na alihitaji maji machafu ya asidi, mengi kuliko aliyoweza kuchota mwenyewe. Lenah alizunguka Kongo yote, kisha sehemu za Kibera alikojua wapo wengine wanaotoa dhahabu kwa asidi, akiwaomba wasimwage. Alikuwa na glavu nene na mitungi yenye vifuniko, vya chuo. Wengi walimcheka.

"Mathe, unakusanya mkojo wa dhahabu?" kijana mmoja alimwuliza.

"Wewe jaza tu. Usimwage hapo watoto wanachezea."

Wengine walijaza. Wengine walimwaga mbele yake makusudi. Musyoka alimwambia kwamba matangi yanafanya vizuri wiki moja na kulala wiki nyingine, hajui kwa nini, na kwamba huenda hata baada ya miaka kazi yote hii isitoke mlangoni mwa maabara. Lenah alisema sawa, akauliza mitungi mitupu iko wapi.

Kisha Shiundu akapiga simu. Ilikuwa asubuhi, Lenah yuko njiani, na nyuma ya sauti ya mdogo wake alisikia watu wakitwanga mawe.

"Dada, muulize Musyoka. Huku tunashikisha dhahabu na zebaki, halafu tunaichoma. Mikono imeanza kunitetemeka. Wale wadudu wanaweza kula zebaki?"

Lenah hakuenda kibandani. Aligeuka moja kwa moja kuelekea Satellite, akamkuta Musyoka anafunga mlango wake, akamwuliza palepale ngazini. Musyoka aliutoa ufunguo mlangoni.

"Wapo wa kuweza. Lakini wengi wao hawaishiki. Wanaigeuza mvuke, inatoka kwa maji, inaingia hewani."

"Hewani anapumua nani?"

"Yeyote aliye karibu."

Lenah aliangalia simu mkononi, laini bado haijakatwa, Shiundu anasubiri upande wa pili. Akaiweka sikioni.

"Anasema wapo, lakini si wa kukusaidia wewe. Rudi nyumbani."

"Nitafanya nini huko?"

"Kuna mitungi ya kubeba."

Mawe yakaendelea kutwangwa. Shiundu alisema atafikiria, na Lenah, ambaye alijua mdogo wake hajawahi kufikiria kitu akiwa ametulia, alisema nauli atamtumia jioni. Akamuaga Musyoka, akashuka ngazi, akaenda kwa haraka kutafuta maji mengine machafu.