Muwa ni Marufuku Uani Kwangu

Mwezi wa kumi, joto linapochoma mtaa wetu wa Kasungami hadi mbwa wanahamia chini ya magari, poni wangu, farasi wa aina fupi, alikuwa bado na manyoya marefu ya msimu wa baridi. Yalijikunja tumboni na kuloa jasho, na chini yake mgongo ulikuwa umebonyea. Majirani, ambao hadi leo wanamwita punda ili kuniudhi, walisema ni bulozi, nitafute mtu wa kumwondolea uchawi. Mimi nikamwita daktari wa mifugo.

Daktari alinieleza wazi. Ugonjwa unaitwa Cushing, na hukamata farasi wazee. Kitezi kidogo chini ya ubongo humwaga homoni kupita kiasi, na mwili unaharibika taratibu. Hauponi. Kuna kidonge cha kila siku, ambacho yeye huagiza kutoka nje, na kuna marufuku moja kubwa, yaani sukari. Mahindi hapana, mabaki ya munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, hapana, muwa ndiyo kabisa. Sukari ikizidi, nyama iliyo ndani ya kwato huvimba, na farasi asiyeweza kusimama amekwisha.

"Lakini iko muzee, mama," akamalizia. "Bengine banaonaka heri kumupumuzisha."

"Sikuuliza iko na miaka ngapi," nikamwambia. "Niliuliza dawa nimupatie saa ngapi."

Poni huyo jike aliachwa na watu waliofunga shamba lao la farasi na kuondoka nchini. Walimpa baba yangu, aliyekuwa mtunzaji wao. Baba alipofariki, ukoo uligawana viti, redio na makoti, lakini poni hakuna aliyemtaka. Nikamchukua. Watu hudhani ninamtunza ili kumkumbuka baba. Siyo. Baba nina picha zake. Ninamtunza kwa sababu bado anataka kuishi, na kila asubuhi ananieleza hivyo kwa kupiga ndoo teke.

Basi nikamnyoa kwa mkasi wa kushonea, upande mmoja leo, wa pili kesho, akabaki na ngazi ngazi mwili mzima. Majirani walicheka mpaka wakakaa chini. Nyasi kavu nililoweka kwenye beseni ili maji yanyonye sukari, kisha nikayamwaga. Kidonge nilikifunga ndani ya jani la kabichi, naye alijifunza upesi kula jani na kutema kidonge, nami nikajifunza kusimama hapo hadi ameze.

Aliyenisumbua zaidi alikuwa papa mukubwa, kaka mkubwa wa baba, fundi cherehani mstaafu wa Kamalondo. Yeye mwenyewe ana ugonjwa wa sukari, na dawa zake huzinywa akikumbuka. Mbele ya ukoo mzima alisema ni aibu kumpa mnyama dawa. Hata hivyo, kila Jumapili baada ya misa alikuja kuketi karibu na huyo huyo mnyama.

Jumatatu moja nilimkuta poni amenyoosha miguu ya mbele, ameegemea visigino, hataki kupiga hatua. Kwato zilikuwa za moto. Chini palikuwa na makapi ya muwa. Daktari alikuja na dawa ya maumivu, nami wiki nzima nilimwagia kwato maji baridi nikiwa na hasira ya kupasua mawe.

Jumapili papa mukubwa akaingia na muwa mwingine kwapani. Sikumumunya maneno. Nilimnyang'anya muwa nikautupa nje ya ua. Kumfanyia hivyo kaka wa baba yako si jambo dogo kwetu, nalijua, na ningelifanya tena.

"Siye babili tuko bazee," akasema. "Utuache tukufwe na utamu mu kinywa."

"Hapa kwangu, papa mukubwa, hakuna muntu mwenye atakufwa na utamu."

"Unanifukuza juu ya punda!"

"Ni farasi."

Akageuka kuondoka. Hapo ndipo nilipomwona vizuri. Alikuwa anatembelea kisigino, vidole vya mguu wa kushoto havigusi chini. Mkao huo nilikuwa nimeutazama wiki nzima, nisingeweza kuukosea. Nikamtangulia getini, nikafunga.

"Vula kiatu."

"Mimi niko baba yako!"

"Vula."

Alinitolea macho, kisha akaketi juu ya ndoo. Soksi ilikuwa imegandamana na kidonda. Kidole kidogo kilikuwa cheusi.

"Haiume hata kidogo," akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka asifiwe.

Nikaogopa, na woga wangu huwa unatoka kwa makelele. Nikaita taksi. Akaanza kwamba yeye ni mzee sasa, aachwe tu, miaka yake inatosha. Nikamwambia neno hilo nimeshaambiwa na daktari mzima, na aliyesemewa yule pale, anatafuna nyasi zake.

"Ingia mu taksi, papa."

Hospitali walikata kidole kile, mguu ukabaki. Sasa anakaa kwangu, kwa sababu nimekataa kumrudisha Kamalondo, na ukoo unasema nimekuwa mkali kama askari. Asubuhi napita na vidonge, kwanza kwake, halafu kwa poni. Wote wawili wananinunia. Wanune tu, wakiwa hai.