Karatasi Thelathini na Nne za Mwalim Nyange

Mkarafuu ulio nyuma ya nyumba yenu, unajua nani aliupanda? Usijibu haraka. Mwaka 1959, katika kijiji kimoja jirani na Gando, kisiwani Pemba, watu wazima waliulizwa swali hilo na watoto wao. Walijibu bila kufikiri, halafu usiku wakakosa usingizi.

Aliyewatuma watoto hao ni Mwalim Nyange Himid, mtu wa Kengeja, umri wake miaka ishirini na minne. Alikuwa ametoka chuo cha ualimu Unguja na mashati mawili meupe na sanduku la vitabu. Alisomesha Kiingereza na historia. Kitabu cha historia alichokabidhiwa kilikuwa na wafalme wa Uingereza kumi na saba pamoja na wake zao, na hakikuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kukanyaga udongo wa Pemba. Nyange alikisoma mara moja, akakiweka dirishani kuzuia ubao usijifunge kwa upepo.

Yeye alisomesha kwa kufuata majira. Masika yalipoanza alitega kopo uwanjani, na kila asubuhi mtoto mmoja alipima maji kwa rula akasema kwa Kiingereza kwamba jana mvua ilinyesha, leo inanyesha, kesho itanyesha. Mpunga ulipoanza kukomaa, darasa zima lilihamia bondeni kuamia ndege, na amri za kuwafukuza zilitolewa kwa Kiingereza kitupu. Mwalimu mkuu, Mwalim Msellem, alikwenda kutazama. Alisema watoto wanaendelea vizuri, ila ndege bado wako nyuma.

Kisha likaja vuno la karafuu, na lilikuwa kubwa. Katika mwaka kama huo skuli za mashamba hubaki na walimu na mbuzi. Lakini mwaka ule mkaguzi wa skuli alikuwa ametoa ahadi. Skuli ile iliishia darasa la nne. Kama atakuja katikati ya vuno akakuta darasa la nne lina watoto thelathini au zaidi, basi darasa la tano litafunguliwa palepale. Wakipungua, wenye kutaka kuendelea watakwenda Wete. Kila mzazi alijua maana yake. Wavulana wachache wangekwenda Wete. Wasichana kumi na watatu wangebaki jikoni.

Basi Nyange aliwafuata watoto kwenye karafuu. Mzee Soud, mwenye shamba kubwa kuliko yote pale, alimpa ruhusa ya kutumia sakafu yake ya kuanikia. Watoto walikaa majamvini, mikono ikichambua karafuu kutoka kwenye makonyo, vijiti vyake, midomo ikisoma. Hakuna aliyekosa. Na katika wiki ya pili Nyange aliwapa kazi ya nyumbani: kila mmoja achague mkarafuu mmoja, aulize habari zake kwa mkubwa wa nyumba, aandike kwa Kiingereza. Chuoni alifundishwa kwamba habari yoyote ya historia lazima itaje ilikotoka, kwa hivyo aliwapa mistari mitatu ya kujaza: aliyepanda, mahali mti ulipo, aliyeshuhudia.

Ziliandikwa karatasi thelathini na nne. Nyange alizitundika zote ukutani, akazitazama kama mtu anayetazama nyumba aliyoijenga kwa mikono yake.

Kosa lilikuwa wazi, na yeye alikuwa wa mwisho kuliona. Pemba ardhi inaweza kuwa ya huyu na mti ukawa wa yule, na kesi za miti huanza mababu wakiwa hai zikaisha wajukuu wakiwa wazee. Karani wa kadhi anapochukua maelezo ya kesi kama hiyo huandika mambo matatu: aliyepanda, mahali, aliyeshuhudia. Nyange alilijua hilo. Baba yake mwenyewe alikuwa na kesi ya minazi minne. Lakini kijana aliyejaa historia kichwani hakuikumbuka ile iliyokuwa kwao.

Jumamosi kijiji kizima kilikuwa kinasema kwamba mwalimu wa Kengeja anaandikisha miti. Wengine walisema ni kazi ya serikali, wengine ya vyama vya siasa. Waliokuwa wanalima katika ardhi ya Mzee Soud walisema ni mtego wa kuwafukuza. Jumatatu masomo yalirudi darasani kumngoja mkaguzi, na walikuja watoto ishirini na wawili. Jumanne walikuja kumi na watano. Mkaguzi alitarajiwa Jumatano.

Adhuhuri ya Jumanne Mzee Soud aliingia darasani bila hodi.

"Mwalim, nilikupa sakafu usomeshe. Hukuniambia unafungua korti."

"Ni kazi ya watoto, Mzee."

"Kazi ya watoto inasema mikarafuu yangu sita kapanda mtu mwengine."

"Si kweli?"

"Mimi sikujia kweli, nimejia karatasi. Nipe nizitie motoni. Jioni nitapita nyumba kwa nyumba, na kesho watoto wako wote utawaona. Mimi wananisikiliza."

Hayo hayakuwa majisifu, na Nyange alijua.

"Nikikupa weye," alisema, "watasema walivyodhani ndivyo."

"Basi kesho mkaguzi mhesabie madawati."

Alipotoka, Mwalim Msellem, aliyesikia yote kutoka mlangoni, alivua miwani. "Mpe, bwana wee! Karatasi zitaandikwa tena. Darasa la tano likishapita, limepita."

"Zile ni sentensi zao za kwanza, Mwalim."

"Na zitakuwa za mwisho. Hasa za wale wasichana."

Nyange akaenda ukutani. Alibandua karatasi moja moja. Baada ya alasiri akaanza kuzunguka. Kila mlango alisema maneno yale yale: hii ni yenu, hakuna nakala, ichaneni au iwekeni. Mmoja aliipokea kwa upenyo wa mlango. Mwengine aliichana pale pale, na mtoto aliyeiandika akakimbilia uani. Wengi walishukuru kwa adabu wakarudi ndani.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bi Mwanapili, bibi yake Mwanaasha, mmoja wa wale wasichana kumi na watatu. Alikuwa kizingitini akisuka ukili wa mkeka.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Nisomee kabla hujanipa. Nisije nikaweka jini ndani."

Akamsomea. Mkarafuu ulio kando ya kisima, shambani kwa Mzee Soud. Aliyepanda, Bi Mwanapili. Aliyeshuhudia, Bi Mwanapili.

Bibi alicheka mpaka ukili ukamtoka. "Mtu hujishuhudia mwenyewe? Hiyo ndiyo elimu ya Unguja? Na tena uongo! Kapanda marehemu Kificho, mume wangu. Miye niliteka maji tu, kiangazi kizima, na mimba tumboni."

Nyange alimpa Mwanaasha kalamu. Msichana akafuta, akaandika upya, na Bi Mwanapili akaitia karatasi kwenye ncha ya kanga na kufunga fundo.

"Kesho atakuja skuli, Bi?"

"Kesho bado haijafika, baba."

Asubuhi Nyange alipita njia ya shambani. Mzee Soud alikuwa sakafuni, akizigeuza karafuu kwa miguu, wachumaji wakiwa wameshakwea mikarafuu ya kando. Mbele yake alisimama Bi Mwanapili na mjukuu wake. Nyange akasimama njiani.

"Soud, mwanangu, sikuja kudai mti. Nimekuja usikie. Haya, soma."

Mwanaasha alisoma kwa Kiingereza.

"Sasa kwa lugha ya watu."

Akasoma kwa Kiswahili: mti umepandwa na Kificho, maji kateka Mwanapili. Matawi yalitulia juu. Mzee Soud aliendelea kuburuza miguu, safu moja, kisha nyengine.

"Maji uliteka kisima gani?" aliuliza.

"Si ndicho hichi hapa."

"Mbona kina chumvi!"

"Ndiyo maana mti ulichelewa kuzaa. Ulidhani ni kwa sababu gani?"

Mtu mmoja alicheka juu ya mkarafuu, na wengine wakafuatia. Mzee Soud alitazama juu, akatazama karafuu zake.

"Mpeleke mtoto skuli," alisema. "Jua linapanda."

Mwanaasha akaondoka peke yake, karatasi mkononi. Penye nyumba ya kwanza walimwona katoka kwa Mzee Soud na karatasi yake nzima; mlango ulifunguliwa, wakatoka watoto wawili. Penye ya tatu walitoka wanne, mmoja akivaa shati njiani. Nyange alilazimika kukimbia ili afike kabla yao.

Saa mbili mkaguzi alishuka garini, akaingia, akahesabu kwa kidole, akahesabu tena. Watatu hawakuja. Aliandika thelathini na moja, akafunika kalamu yake.